Jina la Kuitikia

Maelezo yake yalikuwa mistari minne tu, na mstari wa mwisho ndio uliomponza. "Neno hilo la siri," aliandika Sabina Kashindye kwa mwandiko wake ulionyooka, "halijawahi kutoka kinywani mwangu hata mara moja, wala sijamwandikia mtu yeyote." Akatia sahihi, akaweka tarehe ya mwezi Machi 1999, akaipeleka karatasi kwenye ofisi ya kamati ya nidhamu ya chuo, ameishika kwa mikono miwili. Aliamini kila herufi aliyoiandika. Angekuwa mwongo wa kawaida, mwongo wa sokoni, hadithi hii isingenikera hivi.

Ngoja nikueleze Sabina ni nani, maana ungemwona kwenye foleni ya chakula pale chuoni ungedhani ni mama aliyekuja kumtembelea mwanawe. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, wenzake ishirini na moja, ishirini na mbili. Zamani alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha pamba mjini Mwanza, ghorofa ya pili, kwenye mashine ya chuma iliyomwachia sugu vidoleni. Barua zote za siri zilipita kwake. Meneja alikuwa na msemo wake: "Mdomo wa Sabina ni kufuli."

Soko huria likaja. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao na mizani yao, ushirika ukaanza kukata roho polepole. Siku moja ya mwaka 1994 meneja akamwita, akafunga mlango, akampa orodha ya watu wa kupunguzwa kazini aichape nakala tatu. Yalikuwa majina mia moja na kumi na sita. La tisini na moja lilikuwa lake.

Aliichapa yote bila kosa hata moja, akaitia kwenye bahasha. Kwa siku kumi na tisa alikula chakula cha mchana na watu hao hao, huyu akipanga kupaua nyumba, yule akipanga kuoa, naye kimya. Hakumwambia hata bibi yake kule Bujora, aliyemlea. Watu walipokuja kujua kwamba alijua, wengine waliacha kumsalimia kabisa. Lakini Sabina alijivunia zile siku kumi na tisa. Kazi ilikwenda, mashine ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, ila hakuna aliyeweza kusimama akasema Sabina alitoa siri. Hilo ndilo alilobaki nalo.

Miaka mitatu akahangaika. Aliuza vitambaa, akachapa maombi ya kazi ya watu wengine kwenye kibanda kimoja karibu na posta, akasoma kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli, akarudia, akafaulu. Chuo Kikuu cha Ghuba kilipofungua milango yake juu ya yale majabali ya ukingoni mwa ziwa, kikampokea asomee uongozi wa biashara. Bibi akauza ng'ombe, hakuuliza maswali mengi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchukua na somo la pili, la pembeni: Kifaransa, sosholojia, au kitu kipya kilichoandikwa ubaoni "Usalama wa Kompyuta na Taarifa". Waliojiandikisha kwenye hicho kipya walikuwa wanne. Wengine wakawacheka: kompyuta zenyewe sita, mnazilinda zisiliwe na nani, fisi?

Sabina hakusita. Benki mpya zilikuwa zikifunguliwa Nyamagana, kampuni mpya, ofisi zenye vioo, na zote zilitaka watu wa kompyuta. Magazeti nayo yaliandika kila wiki kwamba mwaka 2000 ukiingia mashine zitachanganyikiwa tarehe. Akajiambia, kulinda siri naijua kazi hiyo tangu zamani, nitapasi huku nimefumba macho. Kumbe!

Tena somo lile la pembeni lilikuwa na meno. Ukipata sifuri kwenye kazi ya vitendo hukuwa na mtihani wa marudio wala huruma ya mtu. Unadisko, yaani unafutwa chuo, unafunga sanduku lako unakwenda zako. Kwa Sabina, kwenda zake maana yake ilikuwa kibanda kile cha karibu na posta mpaka uzee.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa jengo, upande wa ziwani. Madirisha yalizibwa kwa mapazia mazito kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya vile vidudu vya ziwani vinavyopanda juu kama moshi na kuingia hata puani. Kabla ya kuingia unakaa kwenye kiti kifupi pale mlangoni, unavua viatu. Mlangoni alikaa Mzee Chenge, bawabu, Msukuma wa Magu, na daftari la kusaini ambalo mwenyewe hakuweza kulisoma. Watu aliwatambua kwa viatu vyao. Shingoni alivaa kamba yenye ufunguo wa kabati la chuma lililokuwa humo ndani.

Kila asubuhi Sabina alipofika, kabla hajavua kiatu, alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa na bibi yake, akamwamkia babu kwa Kisukuma.

"Wangaluka, guku."

"Wangaluka, mayu," aliitikia mzee, akimwita mama kwa heshima. Kisha akauliza kama wanavyouliza wazee wa Kisukuma wanaojiheshimu: "Ng'wa nani?" Wewe ni wa nani?

"Ng'wa Luhende."

"Eee! Wangaluka, ng'wa Luhende!" Uso wa mzee ulichangamka kana kwamba habari hiyo ndiyo anaipata leo.

Mgeni atashangaa, si alimuuliza jana? Alimuuliza. Na juzi pia. Swali lile haliulizwi ili mtu ajue. Linaulizwa ili yule wa zamani naye atajwe asubuhi, aamkiwe pamoja na walio hai. Luhende alikuwa baba wa babu yake Sabina, alikufa kabla reli haijafika Mwanza. Jina lake halimo kwenye cheti cha ubatizo cha mtu, wala kwenye fomu ya chuo, wala popote palipo na wino. Makao yake ni kwenye salamu tu. Sabina alianza kuliitikia kabla hajang'oa meno ya utoto, na kwake halikuwa neno la kusema. Lilikuwa sehemu ya kupiga goti.

Sasa mwalimu wa somo lile. Aliitwa Abdillah, kijana wa mjini, wa familia ya wafanyabiashara walioishi Mwanza tangu enzi za babu zao, na alikuwa amesoma India miaka mitano. Siku ya kwanza alimwambia mwanafunzi mmoja, Pius, mtoto wa Bukoba mwenye maneno mengi, aweke neno la siri kwenye mashine. Mwalimu akakaa, akafikiri kidogo, akaandika jina la timu ya mpira. Mashine ikafunguka. Darasa likacheka, Pius akacheka kuliko wote.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," mwalimu akasema. "Kwa hiyo msinipe kata. Msitumie jina lenu, la mchumba, la mtoto, la kijiji, la timu. Msitumie tarehe ya kuzaliwa. Msitumie neno lililomo kwenye kamusi yoyote. Na likishawekwa, lisitamkwe, hata mkiwa peke yenu."

Sabina alilitafuta neno lake wiki nzima. Alitaka neno asiloweza kulisahau hata akiugua malaria ya kupanda kichwani, na ambalo hakuna karatasi duniani inayolijua. Akalipata akiwa anafua. Herufi kumi na moja zilizoshikana: ngwaluhende.

Nakwambia neno hilo mapema kwa kuwa sipendi hadithi za kuviziana. Na unajua, laiti angekuwepo Msukuma mwingine mmoja tu mwenye akili zake kwenye darasa lile, akaliona neno hilo, angeshika kichwa na kupiga kelele. Wanne walikuwa Sabina, Pius, na vijana wawili wa Dar es Salaam. Mwalimu ndiye huyo, wa mjini, wa shikamoo na marahaba.

Wiki tatu mwalimu alijaribu kulivunja. Alikuwa na programu iliyopitisha kamusi nzima ya Kiingereza na ya Kiswahili usiku kucha, neno kwa neno. Mwisho akasema mbele ya darasa: "Hili la Sabina limenishinda." Siku hiyo Sabina alikwenda kula akiwa amenyoosha shingo. Aliwakumbuka wale wa ushirika waliomnunia, akatamani wangemsikia mwalimu.

Basi mwezi Februari katibu muhtasi wa idara akaenda likizo ya uzazi, na mtihani wa uhasibu wa mwaka wa kwanza ukawa hauna wa kuuchapa. Mwalimu Abdillah akamwita Sabina.

"Dada Sabina, chapa wewe. Na hii ndiyo itakuwa kazi yako ya vitendo. Faili litakaa kwenye kompyuta ya tatu, kwa neno lako, wiki tatu, watu wakiingia na kutoka kama kawaida. Likibaki limefungwa, umefaulu. Likifunguliwa kwa uzembe wako, sifuri."

"Halitafunguliwa, mwalimu."

"Andika neno kwenye karatasi, utie kwenye bahasha, uigundishe mwenyewe. Tutaiweka kabatini, ukiugua tusikwame."

Akaandika, akagundisha, bahasha ikafungiwa kwenye kabati la chuma, ufunguo ukarudi shingoni kwa Mzee Chenge.

Siku tatu kabla ya mtihani, maswali yote sita yalikuwa yakizunguka kwenye meza za kantini, yamenakiliwa kwa kalamu, pamoja na jedwali la swali la nne. Mtihani ukafutwa. Wanafunzi mia mbili wakaambiwa wasubiri. Mwalimu Abdillah alijifungia na kompyuta ya tatu nusu siku, akatoka na uso wa mtu aliyefiwa. Mashine ilikuwa inaandika kila jaribio la kufungua. Hapakuwa na kubahatisha, hapakuwa na kuvunja. Mtu alikaa Alhamisi mchana, akaandika neno lenyewe, mara moja, sawasawa.

Kwa hiyo alilijua. Na neno lilikuwa mahali pawili tu: kichwani kwa Sabina na ndani ya bahasha. Kabati likafunguliwa, bahasha ikatolewa, na tazama, upande mmoja gundi ilikuwa imebanduka. Chumba kile kiko hatua chache kutoka majini, mvua za Machi zimeanza, hata stempu zinabanduka zenyewe huko. Lakini nani anataka kusikia habari za unyevu wakati mtu wa kulaumiwa amekaa mlangoni na ufunguo shingoni?

Kamati ya nidhamu ikaongozwa na Dokta Teodora, mama mkali, mpenda haki. Akamtaka Sabina aandike maelezo. Ndipo yakaandikwa yale ya mistari minne, na mzigo wote ukahamia kwenye bahasha.

Zilibaki siku tano kabla ya kikao. Sijui niseme vipi kuhusu siku hizo. Sabina hakula cha maana. Alimuuliza Najat, binti aliyelala naye chumba kimoja, kama huwa anaongea usingizini.

"Unakoroma tu, dada yangu," Najat akamwambia.

"Sisemi neno lolote? Jina la mtu?"

"Dada Sabina, unanitisha."

Akapekua madaftari yake yote ukurasa kwa ukurasa. Akaomba aingie chumba cha kompyuta, akakagua vibonye vya mashine ya tatu kama kuna vilivyochakaa kuliko vingine. Akajaribu kukumbuka kila aliyewahi kusimama nyuma yake akichapa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba hata yeye asingevifuata. Akaenda kanisani siku ya kazi, akapiga magoti, akajikuta anamhoji Mungu kama polisi. Kila alipogeuka alikutana na ukuta. Neno halikutoka, na neno limetoka. Alianza kuogopa kwamba anarukwa na akili.

Jumapili akaenda Bujora. Njiani kutoka barabarani mpaka kwa bibi alikutana na wazee watatu, akapiga goti mara tatu, akaulizwa mara tatu, akaitikia mara tatu. Hakushtuka. Natamani kumtikisa mabega ninapofika hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Umekonda," bibi akasema.

"Bibi, chuoni wanasema huenda nimetoa siri."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe uliyeninyima hata habari ya kufukuzwa kwako mwenyewe? Waambie waje niwaeleze."

Alikuwa amekwenda kutafuta faraja, akarudi na kicheko kile kikimchoma. Kama hata bibi anaamini haiwezekani, basi mwizi ni nani?

Jumatatu alimkuta Mzee Chenge ameondolewa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye ngazi za nje, kofia magotini, na shingoni hapakuwa na kamba. Wanafunzi walimpita kama jiwe. Alipomwona Sabina alisahau hata kuamkia.

"Mayu, wanasema bahasha. Wanasema nimeifungua nikampa mtu. Hiyo kalatasi nitaisoma na macho gani? Miaka yote hii nimelinda mali za watu, leo uzeeni niitwe mwizi wa kalatasi?"

"Pole, guku. Ukweli utajulikana."

Alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni, Mungu amsamehe, alisikia nafuu. Kama ni bahasha, basi si yeye. Kama si yeye, sifuri haipo, na sanduku linabaki chini ya kitanda. Aliona aibu kwa nafuu ile, lakini hakuitupa. Aliishikilia mpaka Jumatano kama anayezama anavyoshika unyasi.

Jumatano saa nne asubuhi walioitwa walikaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa kamati: Sabina, Mzee Chenge aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na Pius, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari la Alhamisi ile pamoja na wengine tisa. Ndani walisikika viti vikiburutwa. Kila mtu pale chuoni alishajua uamuzi. Bawabu ataondoka, ni rahisi, hana cheti wala mtetezi. Mwanafunzi atabaki. Maelezo yake yamekubaliwa.

Sabina alikuwa amefika wa mwisho. Na hata siku ile, hata kwenye hali ile, goti lilijipiga lenyewe.

"Wangaluka, guku."

"Wangaluka, mayu." Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha. "Ng'wa nani?"

"Ng'wa Luhende."

Alipokuwa anainuka, jicho lake likaangukia kwa Pius. Pius, mwenye maneno mengi, alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia vidole vya miguu yake ndani ya ndala. Masikio yake yalikuwa yamemwiva. Na ndipo Sabina aliposikia alichokisema. Alikisikia kwa mara ya kwanza maishani, kama mtu mwingine ndiye aliyekitamka, herufi kumi na moja, moja baada ya nyingine.

Akakaa. Kila asubuhi, miaka miwili. Kila asubuhi mlangoni, kwa sauti safi, huku mtu amekaa kwenye kile kiti kifupi akifungua kamba za viatu. Hakumwambia Pius mmoja tu, alimwambia kila aliyepita. Neno ambalo programu ya mwalimu ilishindwa kulipata usiku kucha, yeye alikuwa analitangaza kama muuza samaki.

Hakuna aliyejua. Mzee mwenyewe hakujua. Hakuwahi kuambiwa neno lilikuwa lipi. Pius asingesema, angejifunga kamba. Maelezo yalishatiwa sahihi. Sabina alihitaji kufanya jambo moja tu, nalo ndilo alilokuwa bingwa wake: kunyamaza. Siku kumi na tisa aliweza. Hizi zingekuwa dakika kumi.

Alimwangalia mzee. Alikuwa anajaribu kukifunga kifungo cha shingoni, kifungo kinakataa. Sabina akakumbuka watu wa ushirika na chakula cha mchana, yule aliyekuwa anapaua nyumba. Alikopa mabati wiki ile ile, na Sabina alikuwepo mezani akimsikiliza. Kwa miaka mitano alikuwa ameliita jambo lile uaminifu.

"Sabina Kashindye," karani akaita.

Ndani walikuwa watu saba. Mwalimu Abdillah alikaa pembeni, bahasha mezani mbele yake. Sabina akawaamkia shikamoo, akaitikiwa.

"Tunayo maelezo yako," Dokta Teodora alisema. "Kamati imeyaona ni ya kweli. Una la kuongeza kabla hujatoka?"

Sabina alitaka kusema hapana. Mdomo wake ulikuwa tayari kwa hapana.

"Si ya kweli, mama," akasema. "Niliandika uongo bila kujua. Neno lilitoka kinywani mwangu. Limetoka kila siku."

Akawaeleza. Aliwaeleza habari ya goti, ya swali, ya baba wa babu yake aliyekufa kabla ya reli. Mzee mmoja wa kamati, mhadhiri wa kilimo kutoka upande wa Shinyanga, alifumba macho na kutikisa kichwa taratibu, "Mama weee." Mwalimu Abdillah akachana bahasha, akasoma karatasi, akaisoma tena, akaisukuma mezani wengine waione.

"Niliwafundisha wasitumie jina la mtoto, wala la kijiji, wala la timu," alisema, akimwangalia mwenyekiti, kisha Sabina. Macho yalimjaa maji. "Nilifundisha kama vitabu vilivyonifundisha. Sikuwahi kuwauliza mnaamkiana vipi."

"Mwanangu," Dokta Teodora akasema, na sauti yake haikuwa kali tena, "unajua kwamba tulikuwa tumeshamaliza? Ungetoka tu."

"Najua, mama."

"Na unajua kanuni."

"Naijua."

Pius aliitwa baada yake, akakiri kabla hajakaa. Alisema alizoea kusikia salamu ile kila siku. Alhamisi moja akiwa amekaa bila kazi mbele ya mashine ya tatu aliandika jibu lile la Sabina kwa mzaha tu, mashine ikafunguka, na baada ya hapo akashindwa kuwanyima rafiki zake. Uamuzi ulitoka saa nane mchana, ukabandikwa ubaoni. Pius alisimamishwa mwaka mmoja, ndivyo kanuni ya nidhamu ilivyosema kwa kosa la kwanza, kisha angerudi kumaliza shahada yake. Sabina hakuwa na kosa la nidhamu. Alipata sifuri kwenye kazi ya vitendo ya somo la pembeni, na kanuni ya masomo haina mwaka mmoja. Alifutwa. Mwizi atarudi, aliyeibiwa haruhusiwi kurudi. Mwenye kuelewa haki ya namna hiyo aje anieleze, mimi nimeshindwa.

Mzee Chenge aliambiwa kwa kifupi kwamba ameonekana hana kosa, arudi kazini. Hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza zaidi.

Sabina alikwenda kuchukua daftari lake alilokuwa ameliacha chumba cha kompyuta. Alimkuta mzee kwenye kiti chake, kamba ya ufunguo shingoni, kifungo cha shati bado kiko wazi, uso umekunjuka kwa furaha. Ndani, nyuma ya mapazia, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakichapa. Safu ya viatu ilikuwa mlangoni.

Akapiga goti. Jua lilikuwa limeshapinda, kwa hiyo ilikuwa salamu ya mchana.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu! Umeona? Ukweli umejulikana, kama ulivyosema. Haya. Ng'wa nani?"

Sabina akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka kwanza kutazama nyuma yake kama kuna mtu anasikiliza. Ukumbi mrefu ulikuwa mtupu. Hajawahi kufanya hivyo maishani, kutazama nyuma kabla ya kumtaja Luhende. Akaitika kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona.

"Sijasikia, mayu," mzee akasema, akitega sikio. "Ng'wa nani?"

"Ng'wa Luhende!" alilia Sabina, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, kwa sauti iliyofika ndani ya chumba. Huko vidole vyote vikaacha kuchapa.